Gunia Lenye Udongo

Hapa Same nilijulikana kwa tangawizi, tenisi na hasira, na sikuona aibu kwa lolote kati ya hayo. Nilikuwa nikinunua tangawizi ya milimani na kuipeleka Dar es Salaam, na kila Jumamosi nikienda Moshi kuwachapa mawakili na madaktari uwanjani. Nilipiga mpira kama mtu anayelipiza kisasi.

Asubuhi ya fainali nilikuwa nimechelewa na damu inachemka. Wiki hiyo wanunuzi walikuwa wamenirudishia mzigo mzima, eti magunia yamejazwa udongo chini. Nikapitia stoo, raketi mkononi. Nikamkuta mzee mmoja, mkulima wangu wa miaka mingi, ameshusha magunia matatu kutoka kwenye bodaboda. Lililokuwa pembeni nikalichana kwa kisu. Udongo ukamwagika miguuni pangu.

"Hata wewe, mzee?"

"Mwanangu, ngoja nikwambie..."

Sikungoja. Nilimpiga kwa ukingo wa raketi, pigo lile lile la mkono wa kulia nililokuwa nikiringia. Aliinua mkono kujikinga, nikasikia mfupa ukivunjika. Akaanguka juu ya ule udongo. Nikamwongeza jingine la mgongoni. Wapagazi wakanivuta, na mmoja wao nikampasua mdomo.

Kisha nikachukua raketi nyingine, nikaenda Moshi, nikashinda. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Mpaka leo hilo linanitisha kuliko damu.

Niliporudi, kijana wangu wa mizani hakunitazama usoni.

"Bosi, lile gunia halikuwa la kupimwa. Ni mbegu. Si ulimwomba mwenyewe, ya shamba lako jipya la kule Kifaru?"

Nilikuwa nimemwomba. Na mimi ni mtoto wa tangawizi; tangu utotoni najua kwamba mbegu huteremshwa pamoja na udongo wake, macho yake ya kuchipukia yasikauke. Nilijichukia.

Siku ya nne nikapanda mlimani na jembe, nimlimie. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Mkewe alikuwa analima peke yake.

"Shikamoo, mama."

Aliutazama mkono wangu wa kulia.

"Weka jembe chini," akasema. "Mkono huo hautagusa shamba letu."

Nikaliweka. Ndipo mzee akaniita kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ile mbegu lakini umeipanda?"

Sikuwa nimeipanda. Ilikuwa bado pale pale sakafuni mwa stoo, imekauka macho.