Bunduki ya Kukimbia Nayo

Msinicheke sana, ila kidogo ruksa. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na kule uwindaji ulikuwa mbio: mbwa mbele, sisi nyuma, mpaka mnyama achoke. Kwa hiyo Mike, mwenzangu wa kazi ghalani hapa Buffalo, Marekani, aliponipeleka dukani nichague bunduki ya kuwindia kulungu, nilijua ninachotaka. Hata darasa la leseni ya kuwinda sikuwa nimeanza.

Muuzaji alinipa bunduki fupi, isiyo na risasi, ya kukoki kwa mkono. Nikauliza kila kitu. Mbona mtutu mfupi hivi? Ikilowa je? Nikavuta komeo la kukokia, nikalirudisha, nikalivuta tena. Lilivyoteleza, jamani!

"Ijaribu uone kama inakufaa," akasema.

Kwetu kiatu hukinunui bila kutembea nacho. Nikainama, nikaikumbatia bunduki kifuani, nikachomoka mbio katikati ya makoti, nikakata kona, nikaruka boksi la mabuti. Haikunigonga popote! Nikarudi kaunta nikihema. Mama mmoja alikuwa amelala sakafuni, mzee mmoja amenyoosha mikono juu, na muuzaji ameshika simu.

"Inanifaa," nikamwambia. "Haisumbui kwenye mbio."

Mike, uso umemwiva, akaichukua bunduki taratibu mikononi mwangu.

"Mbio za kwenda wapi, rafiki yangu? Sisi huwa tunapanda mti, tunakaa kwenye kiti, tunasubiri kulungu apite mwenyewe."