Kilima Kilichopumzishwa Kibati

Kule Kibati, ukitoka Goma kwa njia ya Rutshuru, udongo ni kama blanketi ya masikini: ukivuta kidogo tu, jiwe la volkano linatokea. Ndiyo maana wachungaji walipatana kilima kimoja kipumzike wakati wote wa jua kali, mpaka mvua ioteshe majani upya. Mulinzi wakamuchagua Ndagijimana, mutu mupole, mwenye ngombe moja tu. Ilikuwa miaka ile ya kuitana "citoyen", ndiyo raia kwa Kifaransa, basi wenye kumutania walimwita Citoyen Majani. Naye alicheka pamoja nao.

Ngombe ile alipewa na Evariste. Ndagijimana alifika Kibati mikono mitupu, Evariste akamupa mutamba, ngombe jike asiyezaa bado. Na kwa desturi yao, aliyekupa ngombe amekuwa ndugu, akiomba, hukatai.

Mwaka mumoja jua likazidi. Evariste akapandisha ngombe zake tatu mpaka kwenye ua wa miyenzi, miti ya utomvu iliyozunguka kilima, mbavu zote nje. Akaomba afunguliwe siku chache tu, wengine wasijue.

Ndagijimana akatazama kilima. Akifungua, kesho watakuja wote, na kwato zitakwangua udongo mpaka jiwe. Akikataa, anatupa ndugu.

"Sikufungii weye, Evariste," akasema. "Nafungia kwato."

"Na kwato za ile yako zilitoka kwa nani?"

Ndagijimana akashuka bondeni, kwenye kipande chake kidogo penye unyevu, akafungua ngombe yake, akamwambia Evariste achungie pale. Yake akaifunga nyumbani, akailisha vipande vya mugomba na majani ya viazi. Maziwa yakakauka. Domitille, bibi yake wa ndoa, akanungunika kwamba wameoa kilima. Lakini fungu la kwanza la majani ya asubuhi, ni yeye aliyelibeba.

Evariste alichunga pale mpaka jua likaisha, salamu hatoi.

Halafu mvua ikanyesha, na kilima kikavaa majani mpaka magotini. Siku ya kufungua, ngombe za watu zilisukumana mbele ya ua. Evariste akalaza fimbo yake katikati ya mulango, akazuia zake na za wengine.

"Citoyen Majani," akaita, "pitisha yako kwanza. Imekonda kwa ajili ya zangu."

Ngombe ile ikaingia pole pole, ikainama, na watu wakaisikiliza inavyokata majani.