Mpini Uliofungwa kwa Singa

Maige, mhunzi wa kabila la Walongo pale Nyarugusu, alikuwa amechoshwa na midomo ya watu. Tangu ifike barua ya jeshi kwamba mwanawe Ngassa amefariki ughaibuni, wanaume wawili walishakuja wakidai walikuwa naye mpaka dakika ya mwisho. Wa pili alikula siku tatu, akaondoka na mbuzi, wala hakujua kama marehemu alikuwa mrefu au mfupi.

Kwa hiyo mwaka 1951, alipokuja mwanamume anayechechemea, jina lake Januari, akaamkia shikamoo na kufungua gunia lenye upanga, Maige aliitikia marahaba shingo upande. Januari alieleza kwamba yeye na Ngassa walilazwa wodi moja kwenye kisiwa cha Seiloni mwaka 1944, wakati wa vita, pamoja na baharia mmoja Mfilipino. Upanga ulikuwa wa baharia huyo, na kwao huitwa kalis. Mpini wake ulikuwa umefumuka. Ngassa akaanza kuufunga upya, na baharia akamwachia upanga. Kabla ya kukata roho, Ngassa aliomba upelekwe kwa baba yake. Januari aliuguza mguu miaka, akahangaika na vibarua, hadi juzi alipopata kazi mgodini Geita.

Hadithi tamu, na Maige alishazishiba. Mkewe, Limi, alisimama mlangoni akingoja mumewe aseme kama mgeni huyu naye ni mwongo. Ngassa aliondoka nyumbani kwa hasira, akisema kufua chuma na kusokota bangili ni kazi ya wazee. Hawakuagana, na hilo liliwauma wazazi wote wawili kuliko barua yenyewe.

Maige akaamua kukiuliza chuma. Bapa lilijipinda kama nyoka anayeogelea, na karibu na mpini palikuwa na mstari, kana kwamba kimeungwa kipande kingine. Januari alisema baharia aliwaeleza kwamba siku hizi wahunzi wa kwao hufua upanga mzima, halafu huchora mstari huo kwa urembo tu. Wa kale ndio ulioungwa kweli. Maige akadondosha mafuta juu ya mstari, yakazama ndani. Kiungo kilikuwa cha kweli, na makali yalikuwa yamelika kwa kunolewa miaka na miaka. Sawa, upanga ni wa kale, lakini hata mwongo anaweza kubeba upanga wa kale.

Akaugeuza mpini. Ulizungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko imebanana vizuri, ila haikufika mwisho. Palibaki upana wa vidole viwili. Hapo, chini ya waya, zilichomoza singa nyeusi za mkia wa ng'ombe. Hivyo ndivyo Maige alivyotengeneza bangili maisha yake yote, singa ndani na waya juu.

"Singa hizi alizipata wapi?" aliuliza.

"Aliziomba kwa mchinjaji wa kambi, baba. Tulimcheka sana. Akasema, baba akiuona atajua kwamba nilikuwa nikimtazama."

Mzee alilia mbele ya mgeni, na hakuona haya. Limi alisogea, akauliza taratibu, "Una miaka mingapi upanga huo, Baba Ngassa?"

"Bapa limetuzidi umri mimi na marehemu baba yangu," Maige alisema. "Mpini una miaka saba."

Limi akaupokea, akaushika palepale kwenye mpini.