Bega la Sperancia

Matanga ya mzee yalikuwa hayajaanuliwa Winston alipoanza kutoa vitu nje. Alianza na kitanda cha dada yake, Sperancia, akafuata magunia yake ya maharage.

Sperancia ndiye aliyerudi nyumbani Igurwa baada ya ndoa yake ya kule Kanoni kuvunjika, akamuuguza baba yao mpaka mwisho, akakitunza kibanja cha migomba na kahawa kilichozunguka nyumba. Mzee alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba nyumba na kibanja ni vya binti yake. Winston, aliyekuwa akiendesha bodaboda kule Murongo, aliambiwa habari hiyo akacheka tu.

Sperancia akakaa kizingitini, akaukamata mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia.

"Sitoki."

"Utatoka! Kwetu mwanamke harithi."

Winston alimbandua vidole mlangoni, akaushika mkono, akauinua, akaupinda kwa nje na kuuvuta nyuma kwa nguvu zake zote. Kitu kikateleza ndani ya mwili. Ukelele wa Sperancia uliwatoa watu jikoni.

Bega lilikuwa limebadilika umbo. Ule mviringo wa juu ulikuwa umetoweka, imebaki pembe chini ya ngozi, na karibu na kwapa pametokeza uvimbe mgumu kama ngumi. Vidole vilikuwa vimeingia ganzi.

"Limeteguka tu," alisema Ambrose, baba yao mdogo. "Winston, mvute tena, litarudi."

"Asiguswe!" Mukabera, jirani wa ng'ambo ya njia, alijitosa katikati. "Hujatosheka? Unataka umkatie na mishipa?"

Alilifunga lile bega kwa khanga jinsi lilivyokaa, akatafuta gari, wakaenda hospitali.

Tabibu alimpiga picha, akamchoma dawa ya kumlegeza, akaurudisha mfupa taratibu. Sperancia alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa la hasira.

"Hivi huu mkono umefungwa na nini, hata utoke kirahisi namna hii?"

"Mfupa wa paja umezama kwenye kikombe cha nyonga," tabibu alimjibu. "Bega halina kikombe. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kisahani kidogo, kama chungwa juu ya kisosi. Ndiyo maana unaweza kujikuna mgongo na kukata mkungu ulio juu. Kinachozuia chungwa lisianguke ni kano na misuli inayolizunguka. Mkono ukiinuliwa, ukapindwa nje na kuvutwa nyuma, kano za mbele zinachanika, na mfupa unatokea hapo hapo."

"Zitaunga?"

"Zitaunga, ila huenda zikabaki zimelegea. Likishatoka mara moja, mara ya pili halihitaji nguvu nyingi."

Sperancia aligeukia ukutani, meno ameyauma. Winston alikuwa amemaliza kuvuta, lakini bega lingeendelea kuvutika.

Ukoo ulipoketi kusuluhisha, Sperancia alikwenda na mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Alianguka mwenyewe," Winston alisema, macho kwenye viatu vyake.

"Mwongo! Sema tena huku unaniangalia!"

"Mwanangu, punguza sauti," Ambrose alisema. "Huyu ni kaka yako. Mpe mkono yaishe."

"Mkono upi, baba mdogo? Huu alioung'oa?"

"Hata wa kushoto."

"Wa kushoto nauhitaji. Ndio ulionibakia."

Akaondoka, akaenda polisi na Mukabera, ambaye baadaye alisimama mahakamani akasema alichokiona. Winston akafungwa. Nyumba na kibanja vikabaki kwa Sperancia. Ukoo ukamnunia, arusi zikapita hakualikwa. Kila akimpa Ambrose shikamoo, baba mdogo huyo aligeuza uso, mpaka naye akaacha kumwamkia.

Msimu mmoja wa kahawa alijinyoosha kuvuta tawi la juu, bega likatoka tena. Alipiga magoti kati ya miti, jasho likimtiririka. Pikipiki ikasimama njiani. Alikuwa Winston, ametoka kifungoni.

"Dada, panda nikupeleke."

"Pita."

"Utaumia zaidi ukikaa hapo."

"Nimesema pita!"

Alipita. Mukabera ndiye aliyemsikia akiita, akamtafutia usafiri mwingine. Safari hiyo madaktari wa hospitali kubwa walimpasua, wakazishona upya zile kano za mbele. Miezi mingi alifanya mazoezi ukutani, akipandisha vidole kidogo kidogo na kumlaani kaka yake kwa sauti.

Sasa mkono unapanda mpaka juu ya kichwa, ila hauendi nyuma kama zamani. Juzi mchungaji alipita kumsalimia, akamuuliza kama moyo wake umepoa. Sperancia alisema haujapoa, akamkaribisha kiti, akaendelea kuanika kahawa.