Nilimrekodi mama mkwe akiwaimbia mapacha wangu, sasa hata kanisani haendi

Admin, naomba unifichie jina na picha, maana Mpanda ni ndogo, watu wanajuana mpaka rangi za khanga. Mimi ni mama wa miaka 29, nimeolewa, naishi Kawajense na nauza nguo za watoto Majengo. Nina mapacha wa kike wa miezi minane. Wateja wangu wengi nawapata kwenye status, kwa hiyo msije kuniambia nitupe simu. Simu ndiyo duka langu.

Mama mkwe wangu ni mjane, Mnyamwezi wa upande wa Inyonga. Kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya kanisani kwao, mtu wa kuitwa kila penye msiba aongoze sala. Nilipojifungua alikuja na kuku wawili na dumu la asali, akanikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wiki tatu nzima. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shule, sikuwahi kutunzwa na mtu namna ile. Nilimpenda sana, na bado nampenda.

Sasa kwa mila yao, wakizaliwa mapacha wanawake wa ukoo hukusanyika uani, wanajipaka unga, wanacheza na kuimba matusi. Matusi kweli, ya nguoni. Bibi wa watoto ndiye anaongoza, na siku hiyo hakuna ruhusa ya kukasirika. Wanaamini mapacha wasipoimbiwa hivyo hawakui vizuri. Mimi wazazi wangu ni wakulima wa Katumba, walitoka Burundi, wamenilea kilokole, nikabaki nimeshika mdomo. Wifi yangu mkubwa aliniambia mapema, "Wifi, haya ya uani yanaishia uani. Hata mumeo hayaulizi." Nikaitikia sawa.

Basi mama akaingia kati. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, uso mweupe kwa unga, ungo kichwani, anakatika huku anamwimba mwanawe, yaani mume wangu, mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Nikachomoa simu, nikarekodi kidogo tu, nikaweka status: "Bibi mapacha hana dogo." Nilitaka watu waone nilivyobahatika na mkwe. Na niseme ukweli wote, nilitaka pia kuona idadi ya waliotazama ikipanda. Huo ni ugonjwa wangu wa siku nyingi.

Kesho yake wifi alinipigia anafoka, nikafuta. Nilikuwa nimechelewa. Mtu alishaichukua na kuipeleka kwenye ukurasa wa vichekesho, wakaandika juu yake, "Mama wa kanisani akiwa kwake." Watoto walikatwa kwenye video hawaonekani, muziki ukaongezwa. Aliyetazama aliona bibi anatukana tu, basi. Nikaanza kujibu kila comment, "Jamani ni mila, huyu ni mama mwenye heshima zake," mpaka vidole vikauma. Kadiri nilivyojibu ndivyo watu walivyozidi kuja kuangalia.

Video ilifika Inyonga kabla mama mwenyewe hajafika. Jumapili alipoingia kanisani, vijana wa kwaya walikuwa wanaonyeshana. Wazee wa jumuiya wakamwita, wakamwambia apumzike uongozi kwanza. Na wale akina mama waliopakana naye unga, wakaitikia nyimbo zilezile uani kwangu, walikaa kimya. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Na mimi nilikuwepo."

Tulienda na mume wangu kuomba msamaha. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, nitarekodi nyingine niwaeleze watu ilivyokuwa." Akanijibu taratibu, "Usieleze, mwanangu. Ukieleza, na wasioiona wataitafuta." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mume wangu naye hajanipiga wala kunifukuza, ila aliniambia mara moja tu, "Mama aliimba kwa ajili ya watoto wako, wewe ukamwanika." Tangu siku hiyo tunaongea habari za chumvi na maji.

Mama sasa haendi kanisani kabisa. Wifi anasema hata mpunga anautwanga kimya. Mwezi uliopita aliugua, tukamleta hospitali hapa mjini, nikamuuguza mwenyewe siku nne. Ananishukuru, ananiita mwanangu kama zamani. Lakini kila nikiingia na uji, kabla ya salamu anauliza, "Simu iko wapi?" Siku ya pili nikaiacha nyumbani kabisa. Nikamwambia, "Mama, leo sijaja nayo." Akasema sawa. Halafu akavuta khanga akajifunika nusu ya uso, akanywa uji kwa upande, huku anaangalia mikono yangu.

Msijisumbue kunitukana, nimeshajitukana ya kutosha. Msiniambie pia kwamba muda utaponya, maana video haizeeki, mama ndiye anazeeka. Kama kuna aliyewahi kumvua mzazi heshima namna hii akafanikiwa kumrudishia, aniambie alianzia wapi. Nishaurini jamani, nifanye nini? Najua hapa pia nimeeleza, kitu ambacho alinikataza, na kuna ambao sasa hivi mmeshaanza kuitafuta.