Mbegu ya Mwenye Boma

Nimepanga nyumba katika miji mingi, lakini boma ninaloliota mpaka leo ni lile la kilimani, juu ya mtaa wa Mamboleo, ambako nilikodi chumba pamoja na kipande cha shamba. Nililima sukuma wiki na managu, na akina mama wa sokoni walikuja kununua hapo hapo shambani, mboga zikiwa bado na umande. Kazi nyingine sikuwa nayo.

Mwenye boma alikuwa mjane mzee aliyeishi peke yake katika nyumba kubwa. Msimu mmoja, kabla ya mvua, mwanawe alikuja kumchukua akatibiwe Nairobi. Mama, kama nilivyozoea kumwita, aliondoka bila kupanda. Na kwa desturi ya kwetu, hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mwenye boma. Ukimtangulia unaita kifo. Laana hiyo, chira, haichagui mwana wala mpangaji.

Mvua ikaja. Nililima matuta nikayaacha wazi. Miche yangu, niliyoiotesha kwenye makopo na si ardhini, ikarefuka hadi ikaanza kuinama. Mnunuzi wangu mkubwa, mama mwenye sauti nzito, alisimama uani akacheka.

"Omera, ndugu yangu, unangoja malaika wakupandie?"

"Nangoja Mama."

"Basi utauza matope. Mimi nitatafuta mwingine. Watoto wangu hawali desturi."

Hakutania. Wiki iliyofuata hakuja, wala wenzake.

Asubuhi moja nilizunguka nyuma ya nyumba kubwa kutafuta mahali kuku wa Mama walipokuwa wakitaga. Chini ya dirisha la chumba chake nikakuta mstari wa mahindi, umenyooka, kila mche una majani matatu. Mahindi ya namna hiyo hayakupandwa jana. Kila shimo lilikuwa na mahindi mawili na haragwe moja, jinsi yeye alivyozoea kupanda. Udongo ulikuwa laini, hauna alama ya mguu wowote. Lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilimpigia mwanawe simu. Akapokea mkewe.

"Mama anaendeleaje?"

"Yuko kitandani tu. Hajasimama tangu tumlete. Ngoja, anataka simu."

Nilisikia pumzi, halafu sauti yake, karibu mno, kana kwamba alikuwa ng'ambo ya ukuta.

"Nyathina, mwanangu, mbona hupandi?"

"Nakungoja wewe, Mama."

"Mimi nilishapanda. Hukuona? Na macho unayo." Akacheka kidogo, akakohoa. "Panda, mvua isikuache. Na usiache kuku wafukue maharagwe yangu."

Sikuwa nimetaja maharagwe.

Nilipanda siku hiyo hiyo, nikigeuka kila upepo ulipogusa dirisha lile. Jua liliposhuka niliinua mgongo nikatazama. Matuta yote yalikuwa na miche, ila kando ya mahindi yake nilikuwa nimeacha njia, pana ya kutosha mtu kupita na jembe. Sikumbuki kuamua kuiacha.

Mnunuzi wangu alirudi managu yalipokomaa. Akipita kwenye njia ile, kikapu kichwani, alisogea kando ghafla.

"Pole, Mama," akasema.

Kisha akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Nimemwambia nani?"

Nilimfungia mboga zake, nikamwongezea fungu moja.