Mwizi Aliyelia Kwenye Msiba wa Baba

Siku tunamzika baba, aliyelia kuliko sisi watoto wake wote alikuwa mwizi.

Simzushii mtu. Ni mwizi kweli, alifungwa kwa wizi wa pikipiki, na jicho lake la kushoto halioni kwa sababu ya kipigo cha watu.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watu.

Habari hii sijawahi kuiandika popote. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu mnavyotaka.

Naitwa Eliufoo. Nina duka la vipuri vya pikipiki pale Njoro, Moshi. Baba yangu ni Daktari Elisaria, bingwa wa upasuaji wa mifupa. Kama uliwahi kuvunjika Moshi hii kuanzia miaka ya themanini mpaka alipostaafu, huenda mfupa wako aliushika yeye.

Wapagazi walioteleza mlimani. Kina mama walioanguka wakikata majani ya ng'ombe. Madereva. Watoto waliodondoka kwenye miparachichi. Wote walipita mikononi mwake.

Mzee alikuwa na kituko kimoja. Majina ya watu hayakai kichwani, lakini mifupa yao anaikumbuka. Tunatoka kanisani Jumapili, mtu mzima anamfuata.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Paja linasemaje?"

Na mtu anafurahi kweli kweli!

Wajukuu tisa walimfanya watakavyo. Binti yangu Gladness alimpelekea mdoli uliokatika mguu. Mzee akavaa miwani, akaufunga hogo la plasta, akamwambia, "Mama, mgonjwa wako asikanyage chini wiki sita." Mtoto alibeba ule mdoli mgongoni wiki sita, hataki mtu auguse.

Alipostaafu alirudi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo Old Moshi, yeye na mama, kahawa yao na ng'ombe wawili. Ila kila Jumanne na Alhamisi alishuka mjini kuwafundisha madaktari vijana upasuaji. Miaka sabini na moja, na mkono wake hautetemeki hata kidogo. Akimaliza anapitia dukani kwangu tunakunywa chai, ndipo anapanda kurudi nyumbani.

Huo mkono ndio ninaoutolea habari.

Miaka minne iliyopita wezi wa pikipiki walitutesa mno. Hawaibi tu, wanaua. Wenseslaus, dereva bodaboda, mteja wangu wa siku zote, walimkodi kama abiria, wakamkata panga shingoni na kumtupa mtaroni. Ameacha mke na kachanga ka miezi miwili. Mimi nilisaidia kumtoa kwenye ule mtaro. Shati nililovaa siku ile nililichoma moto.

Siku nane baadaye, Alhamisi, saa tano asubuhi, nasikia kelele nje ya duka.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!"

Nikatoka mbio. Mkononi nina spana, ile ndefu nzito. Sikuichukua kwa nia mbaya, nilikuwa nafanyia nayo kazi. Lakini pia sikuiacha.

Jamaa alikuwa amekamatwa juu ya pikipiki ambayo si yake. Baadaye tulijua anaitwa Basili. Wakati ule hakuwa na jina. Alikuwa mwizi tu, na kila mmoja wetu akimtazama anamwona Wenseslaus mtaroni.

Wa kwanza alimpiga tofali la mgongo. Akapiga magoti.

Wa pili akampa teke la mdomo, meno yakatoka na damu.

Likaja jiwe. Ikaja nondo. Cheni ya pikipiki ikampata usoni, na nadhani hapo ndipo jicho lilipokwenda. Mama mmoja muuza nyanya, mwanakwaya kabisa, alimkanyaga vidole kwa kisigino huku analia.

"Haki ya Mungu sijamuua mimi!"

"Leo utasema vizuri!"

Nilimpiga mbavuni. Mara mbili. Nilisikia mbavu zikilia, na niseme ukweli wangu wote, nilisikia raha. Kama mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji.

Kuna mtu akaja anasukuma tairi bovu. Mwingine ana chupa ya petroli.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Mimi daktari. Nipisheni. Mimi daktari."

Hakupaza sauti. Alisema kama yuko wodini. Watu wakampisha kwa mazoea, wengine pale walishawahi kuwa wagonjwa wake. Mzee akapiga magoti kwenye damu na suti yake ya kaki, akamlalia yule kijana.

"Mzee toka, tutakuchoma na wewe!"

"Choma."

Hapa ndipo pagumu kwangu. Ningeweza kuwaambia kwamba sikumtambua baba. Nilimtambua. Lakini kichwa cha Basili kilikuwa kimebaki nje, chini ya kwapa la mzee, na mimi macho yangu yalikuwa yanakiona kile kichwa tu.

Nikanyanyua spana kwa mikono miwili.

Nikaishusha kwa nguvu zangu zote.

Mkono wa kulia wa baba ukatokea ukakifunika.

Ule mlio siwezi kuueleza. Baba hakupiga yowe. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyetua gunia. Vidole vikaning'inia kama si vyake, na mfupa mweupe ukachomoza juu ya kiganja.

"Wamempiga daktari! Wamempiga daktari!"

Umati ukaanza kumeguka. Hazikuisha dakika tano, pale palibaki tairi, chupa na sisi watatu.

Nikatupa spana mtaroni. Nikajifanya ndiyo kwanza nafika.

"Baba! Nani kakufanya hivi?"

Akanitazama kidogo. "Tafuta gari. Huyu aingie kwanza, mbavu zimemtoboa pafu."

Mbavu nilizovunja mimi.

Waliomuua Wenseslaus walikamatwa mwezi uliofuata, wilaya nyingine. Basili hakuwemo. Wizi wa pikipiki aliukubali, akafungwa.

Polisi walipomuuliza baba, alisema hana wa kumtaja na hataki kesi. Alipasuliwa mkono mara tatu na vijana aliowafundisha mwenyewe, mmoja wao akatoka nje kulia. Haikusaidia. Vidole viwili tu ndivyo vilivyokunjika. Kisu cha upasuaji hakukishika tena.

Miaka mitatu nilimwona akila kwa mkono wa kushoto. Miaka mitatu mama anamfunga vifungo vya shati.

Kila Krismasi tukichinja mbuzi, mdogo wangu Isack alikuwa anasema, "Nikimjua aliyemfanyia baba hivi, namchinja kama huyu mbuzi."

Na mimi najibu, "Hata mimi."

Hata mimi, nasema! Mzee yuko pale pale, ameinama, anahangaika na nyama yake.

Mwaka jana mwezi wa tano alikwenda asubuhi kuangalia kahawa. Mama alipompelekea chai alimkuta amekaa chini, ameegemea mti. Moyo ulikuwa umesimama.

Watu walijaa kihambani mpaka barabarani. Sijawahi kuona magongo mengi namna ile msibani. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo nilisoma wasifu wa marehemu. Nikafika kwenye mstari niliouandika kwa mkono wangu: "Marehemu aliumizwa mkono na watu wasiojulikana."

Nyuma kabisa mtu akaangua kilio. Siyo kulia kwa msibani, ni kulia kwa mtoto aliyeungua. Watu wakageuka.

Basili. Alikuwa ametoka gerezani wiki tatu tu nyuma.

Tulipomaliza kuzika, watu wakiwa kwenye chakula, akanifuata migombani.

"Pole kaka Eliufoo."

"Asante."

"Mimi nilikuona siku ile."

Nikashika mgomba.

"Mzee alikuwa anakuja gerezani kila mwezi," akasema. "Ananiletea sabuni na dawa ya jicho. Siku moja nikamwambia, daktari, aliyekupiga ni mwanao. Akasema, najua, nilimwona anakuja."

"Alisema alimwona nani?"

"Wewe. Nikamshukuru kwa kunikinga kichwa. Akakataa. Akaniambia, 'Wewe nilikuwa nimeshakulalia, nilikuwa nimemaliza kazi yangu kwako. Mkono niliuweka kwa ajili yake. Sikutaka mwanangu awe muuaji.'"

Nikakaa chini ya mgomba.

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Alisema anasubiri useme mwenyewe."

Miaka mitatu, Jumapili kwa Jumapili, tumekaa meza moja. Alikuwa ananisubiri.

Nilimwomba Basili radhi. Akasema ya mbavu amenisamehe. Ya jicho hajui amsamehe nani, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyejitokeza.

Siku ya tatu ukoo ulikaa kumaliza msiba. Ilikuwa mchana, mashada bado mabichi juu ya kaburi. Nikasimama nikasema yote. Spana, mtaro, na ule uongo wa "Baba, nani kakufanya hivi."



Kisha Isack akanyanyuka.

Ngumi ya kwanza ilinitoa jino. Ya pili ikapasua nyusi. Nikaanguka, akaja na mateke, tumbo, mgongo, popote. Sikujikinga. Dada yetu Magdalena alimshika shati, likachanika likabaki mikononi mwake. Isack akaliona jembe lililochimbiwa kaburi limeegemezwa kwenye uzio wa masale. Akalichukua. Akalinyanyua juu ya kichwa changu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Tangu msiba uanze hajapaza sauti, na hata pale hakupaza.

"Isack. Baba yako hayupo tena wa kuweka mkono."

Jembe likabaki juu.

Kisha likamponyoka likaanguka nyuma yake. Mdogo wangu akakaa kwenye matope, kifua wazi, akalia kwa sauti. Na mimi nikalia, mdomo umejaa damu. Mama hakuja kumwinua yeyote kati yetu.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Isack hakuongea na mimi miezi saba. Nilikwenda polisi kutoa maelezo, nao wakafungua jalada. Nasubiri watakachoamua, na lolote likija nitalipokea.

Ila ninachotaka ukichukue ni hiki. Siku ile pale Njoro tulikuwa zaidi ya watu mia. Jioni kila mmoja alirudi kwake akasimulia: walimpiga. Walimpiga yule kijana, walimvunja daktari wa watu mkono.

Mia nzima, hakuna aliyesema nilimpiga.

Mimi nasema. Nilimpiga.